Sauti ya Uwanja Uliobadilishwa Majina

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya mjomba wetu, ambaye wengi mlimwita Spika, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya saba, na mwenye kelele kuliko hao sita wote.

Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1977, akaajiriwa mkata tiketi katika uwanja wa zamani wa klabu yetu ya mpira wiki iliyofuata, wiki iliyofuata, narudia kwa ajili ya sisi tunaozungusha CV mwaka wa sita huu. Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa na mkaza mjomba wetu, aliyekuwa akiuza soda geti la pili, wakajaliwa binti na mvulana.

Uwanja mpya ulipofunguliwa mwaka 2008 alikabidhiwa maiki ya kutangaza mechi, na kila goli alitakiwa kutamka jina la benki iliyoudhamini, kisha ikaja rebranding, jina la uwanja likawa la kampuni ya simu, yote akayanguruma kwa heshima ile ile.

Tarehe 6 Agosti 2016 zamu ikawa ya kampuni ya magodoro, wageni wakiwazomea wenyeji kwamba leo mmekuja kulala, goli likaingia, na Spika, mbele ya boss wa magodoro mwenyewe, ulimi ukateleza akalitaja jina la kampuni ya simu. Boss akataka afukuzwe kabla ya half-time, na nyumba nzima ya Spika ilikuwa inakula kwa maiki ile. Meneja akapanda kibandani jasho likimtoka, kwamba mzee, please, omba radhi sasa hivi au kesho usije. Spika akauambia uwanja mzima kwamba jamani nisameheni, uwanja huu ni binti yangu, ameolewa mara ya tatu, na mimi mzee wenu nimemwita mkwe mpya jina la yule aliyeondoka. Majukwaa yakavunjika mbavu, boss naye akacheka mpaka akafuta machozi, na maiki ikabaki kwa mwenyewe miaka saba zaidi.

Oktoba 2023 koo lilianza kumsumbua, sauti ikakata, akawa anawatangazia wauguzi magoli kwa vidole, hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 9 Mei 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia mazoezi yake ya bafuni, wafanyakazi wenzake, na boss wa magodoro, aliyefika leo bila bango. Kwa uongozi wa klabu tuna ombi moja, Jumamosi uwanja unaanza jina jingine, litasomwa na mtu mwingine, na akikosea, msimfukuze.

Mjomba, pumzika sasa, kwa amani yote.