Kidevu cha Fundi

Mjukuu wangu karudi kwangu na begi lake, analala kitandani kwangu na kunivuta shuka. Anasema mumewe, fundi cherehani, anambeua: akimsemesha, mwenzake anarudisha kidevu nyuma kama kanusa kitu kibovu, halafu analaza kichwa begani, kimya. Kwetu magomvi yote huletwa kwangu, na mimi sisikilizi upande mmoja. Asubuhi nikajitia kijiweni, kwenye benchi la mbele ya kinyozi, anapokunywa kahawa huyo mume wetu. Wakanipa shikamoo, wakanisogezea nafasi. Nikakuta kikao kizima kinajadili shingo yake.

— Mshipa wa fahamu umebanwa, anasema Fundi. Maumivu yanaanzia shingoni yanashuka mpaka vidole hivi viwili, vimekufa ganzi. Sindano siisikii. Na semeni polepole, wateja wakijua nimekwisha.

— Hospitali wanakuchelewesha, akasema Kinyozi. Lete kichwa hapa. Nakizungusha mara moja, kinalia ka, umepona.

— Ukigusa hiyo shingo, nikasema, mimi nitakugusa wewe.

Breki, dereva wa lori aliyestaafu, akaweka kikombe chini.

— Huyu Kinyozi hajui waya. Waya ukibanwa na bodi, unainua bodi. Mfungeni kamba kidevuni, tumtundike kwenye fremu ya mlango, avutwe na uzito wake mwenyewe.

— Halafu tumzike wapi?

— Dakika moja tu, Bibi. Nilishamfanyia mtu.

— Yuko wapi?

— Alihama.

— Kinachomlemea ni kichwa, akasema Kinyozi. Nikimnyoa upara, shingo itapumua.

— Basi ang'oe na meno, nikasema, nayo yana uzito.

Nikaona hawa watamuua mume wangu bure.

— Mume wangu, hospitali walikupa nini?

— Mazoezi, Bibi.

— Hebu tuone.

Akakaa wima, macho mbele, akarudisha kidevu nyuma taratibu, akakishikilia kidogo, akakiachia. Akalaza sikio kuelekea bega, pole pole, bila kulivuta bega juu. Kisha akakaza mabega nyuma kama anataka yakutane mgongoni. Kinyozi na Breki wakamuiga. Benchi zima linarudisha videvu, wapita njia wanatushangaa.

Kidevu hicho nimesimuliwa mpaka usingizini.

— Na haya unayafanyia wapi?

— Nyumbani, jioni, nikishakaa na mke wangu. Ndiyo nafasi ninayopata.

— Yanasaidia?

— Sana. Juzi nimeusikia uzi kwenye kidole. Ila ndiyo hivyo, mke kaondoka, na sijui nimemkosea nini.

— Wanawake wa siku hizi, akaanza Breki.

Nyuma yetu palikuwa na dada mmoja amefuata gauni lake. Hatukumwona alivyofika.

— Samahani, Fundi, akasema. Mkeo anajua kama unaumwa?

Kinyozi akaanza kupangusa mkasi uliokuwa safi. Breki akanywa kikombe kisicho na kitu. Fundi akatazama vidole vyake viwili.

Nikamshika ule mkono, nikabana kidole kwa nguvu zangu zote.

— Unasikia?

— Kidogo, Bibi.

— Kidogo kinatosha. Inuka, mume wangu. Twende kwa mke mwenzangu, ukamwambie kwa mdomo wako.