Mashine Isiyo ya Kimya

TUSAJIGWE: Haloo? Namba ngeni hii, nani mwenzangu?

GWAMAKA: Mumeo.

TUSAJIGWE: Waume wa kwenye simu ni wengi siku hizi. Taja jina.

GWAMAKA: Gwamaka! Baba Anyitike! Ugonile, mama.

TUSAJIGWE: (anacheka) Salama. Za Dar? Simu yako imepatwa na nini?

GWAMAKA: Imeisha chaji. Hii ni ya Wenceslaus, muuza mashine, nipo hapa yadini kwake. Sikiliza, Fuso la Kyela linaondoka saa kumi, na dereva keshapiga honi mara mbili. Mashine ya kukatia majani tuichague sasa hivi.

TUSAJIGWE: Zipo ngapi?

GWAMAKA: Za kukalia, tatu. Ya kwanza, mama, we! Unapanda kama trekta. Upana wa kisu inchi arobaini na mbili. Bustani yetu nzima inaisha chai haijapoa.

TUSAJIGWE: Ni sentimita ngapi hizo?

GWAMAKA: Kwani unashona gauni?

TUSAJIGWE: Ngoja... mia na saba. Haipiti.

GWAMAKA: Haipiti wapi?

TUSAJIGWE: Kati ya migomba na mfereji. Nimepima asubuhi kwa futi yangu ya kushonea. Pana tisini na tano. Na uzito wake?

GWAMAKA: Wenceslaus, kilo ngapi hii?... Mia mbili na arobaini.

TUSAJIGWE: Kwa mvua za Makwale hizi? Itazama, tutapanda mpunga juu yake. Na Jumamosi ijayo harusi ya ndugu yetu Jubilate iko kwetu. Wageni wacheze kwenye matope?

GWAMAKA: Haya, hiyo tuiache. Ya pili ndiyo nimeipenda mimi. Nyembamba, nyepesi, ya betri. Kimya kama paka! Unakata majani huku mchungaji anahubiri pembeni, na hakuna atakayegeu—

TUSAJIGWE: Hapana.

GWAMAKA: Sijamaliza.

TUSAJIGWE: Ya kimya hapana.

GWAMAKA: Mama Anyitike, watu wa huku wanakitafuta hicho kimya kwa tochi.

TUSAJIGWE: Watu wa huko hawaishi na baba mkwe ua mmoja.

(Mtandao unakwaruza.)

GWAMAKA: Subiri, Wenceslaus anauliza... (kando) Huko kwetu, kaka, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso... Hapana, hawajagombana. Ni heshima. Akimsikia anakuja huku, yeye anapita kule... Wengine wameacha, lakini mzee wangu bado. (kwenye simu) Anasema heshima hiyo yeye angeiomba kwa mama mkwe wake.

TUSAJIGWE: Aje, tutamfundisha bure.

GWAMAKA: Lakini baba anaingiaje hapa? Mwendeshaji ni yule kijana wetu, Aliko. Tulikubaliana baba apumzike. Miaka thelathini na fyekeo mkononi inatosha.

TUSAJIGWE: Ya tatu ikoje? Pale pa kukanyaga ukipanda, pako juu?

GWAMAKA: Chini tu, kama kibaraza. Kwa nini?

TUSAJIGWE: Na mguu wa kulia unafanya kazi gani?

GWAMAKA: Aliko ana miguu miwili mizima. Anacheza winga.

TUSAJIGWE: Nimeuliza tu.

GWAMAKA: Hujauliza tu. Umepima mfereji, umeuliza pa kukanyaga, sasa unauliza mguu. Baba ana nini?

TUSAJIGWE: Mtandao unaka—

GWAMAKA: Haukati. Nakusikia unavyopumua.

TUSAJIGWE: Alianguka. Jumanne.

GWAMAKA: Alianguka! Wapi?

TUSAJIGWE: Hapo hapo nilipopima, kwenye mfereji. Usipige kelele. Kaonwa zahanati, hakuna kilichovunjika. Goti la kulia limevimba. Sasa hivi yuko kibarazani kwake, ananung'unika. Akinung'unika ujue mzima.

GWAMAKA: Nani alimwona akianguka?

TUSAJIGWE: Hakuna. Si unajua akifyeka anaimba tenzi, nijue yuko upande gani? Siku hizi pumzi hazimtoshi. Anaimba ubeti, anapumzika ubeti. Jumanne akaimba, akafika katikati ya neno... basi. Nikangoja amalizie neno. Hakumalizia. Nikamwita Andongwisye hapo jirani, kumbe yuko gulioni. Aliko hayupo. Nyumba nzima mimi tu.

GWAMAKA: Sasa nani alimwinua?

(Mtandao unakwaruza.)

GWAMAKA: Mama Anyitike?

TUSAJIGWE: Mfereji ulikuwa umejaa, baba Anyitike. Maji yalikuwa yanamfika kidevuni.

GWAMAKA: Wewe.

TUSAJIGWE: Mimi.

GWAMAKA: Akasemaje?

TUSAJIGWE: Aliponiona nakuja akafumba macho, kabisa, kama mtoto anayekwepa dawa. Nikaona basi, na mimi nikafumba yangu.

GWAMAKA: Wote wawili?

TUSAJIGWE: Wote wawili. Nimemshika kwapani, twende. Tukagonga mgomba.

GWAMAKA: Mka—

TUSAJIGWE: Akauomba radhi mgomba. Na mimi nikauomba radhi. Tukasogea, tukagonga wa pili. Usicheke!

GWAMAKA: Sicheki mimi. Ni Wenceslaus. Nimeweka sauti ya nje.

TUSAJIGWE: Umeweka sauti ya nje! Mambo ya nyumbani kwetu, yadi nzima inasikia!

GWAMAKA: Nimetoa, nimetoa. (kwa sauti ya chini) Mama, mbona hukuniambia siku ile ile?

TUSAJIGWE: Ningekuambia nini? Jumatano hakuimba. Alhamisi hakuimba, hata kukohoa hakukohoa. Chakula ninachoacha kibarazani kinarudi nusu. Nikasema nimemtoa majini, lakini heshima yake nimeiacha humo humo. Mtu amejificha nisimwone miaka kumi na minne, halafu nije nimbebe kama furushi.

GWAMAKA: Ungemwacha je?

TUSAJIGWE: Ndiyo hivyo. Nimefikiri pande zote mbili.

(Honi ya Fuso inasikika.)

GWAMAKA: Nakuja, dereva! Endelea, mama.

TUSAJIGWE: Halafu jana akaanza kuongea na mbuzi.

GWAMAKA: Na mbuzi.

TUSAJIGWE: Yule jike ninayemfunga chini ya dirisha la jikoni. Kwa sauti kubwa, nisikie. "Wewe mbuzi! Nasikia mwanangu ananunua mashine, wamwachie Aliko. Aliko atanikatia migomba. Majani yangu nitakata mwenyewe, hata kama ni kwa kukaa."

GWAMAKA: Huyo ni baba kabisa.

TUSAJIGWE: Sijamaliza. Akasema, "Na ile ya betri aliyonionyesha kwenye simu, asinunue. Haina sauti. Watu wa nyumba hii watajuaje nilipo?"

GWAMAKA: Alisema hivyo?

TUSAJIGWE: Kwa mbuzi.

GWAMAKA: Lakini goti lile... Akianguka nayo?

TUSAJIGWE: Ndiyo maana nakuuliza miguu tangu mwanzo! Ukimnyang'anya majani atakaa kibarazani kuyatazama, na hatamaliza mwaka. Nakwambia mimi ninayeona sahani zake zinavyorudi. Haya, mguu wa kulia?

GWAMAKA: Ya tatu... ngoja niikalie mwenyewe. Mwendo unauongoza kwa mkono. Breki mguu wa kushoto. Wa kulia kazi yake kukaa tu, kama mjumbe wa kamati. Inchi thelathini.

TUSAJIGWE: Sabini na sita. Inapita, na nafasi inabaki.

GWAMAKA: Na ukiinuka kwenye kiti inazima yenyewe. Uzito hauzidi mia na hamsini, tairi pana. Ila ni ya zamani, mama. Inanguruma! Wenceslaus mwenyewe anaona aibu, anasema atafunga ekzosi nyingine ili—

TUSAJIGWE: Asiiguse!

GWAMAKA: Wenceslaus, usiiguse!... Anasema hajawahi kupata wateja kama sisi.

TUSAJIGWE: Iwasheni nisikie. Ngoja kwanza nisogee dirishani, na mimi niweke sauti ya nje. Haya.

(Mngurumo.)

GWAMAKA: UMESIKIA?

TUSAJIGWE: Kuku wamekimbia! Zima, zima... Ngoja. Anaongea.

GWAMAKA: Baba? Anasemaje?

TUSAJIGWE: Anasema, "Hiyo." Anauliza ina honi?

GWAMAKA: Haina.

TUSAJIGWE: (kuelekea nje) Haina honi!... Anasema si kitu, kwa kukaa pumzi zitatosha. Ataimba.

GWAMAKA: Wenceslaus, tunapakia hiyo! Shika kule... Mama, nikuage, Wenceslaus ananionyesha vidole, salio lake limebaki la dakika moja.

TUSAJIGWE: Wafunge kamba vizuri. Na Aliko aipande yeye kwanza siku mbili, mzee atazame. Nisalimie... nani, mwambie Wenceslaus asante. Ngoja, usikate.

GWAMAKA: Nini?

TUSAJIGWE: Mzee amesema, "Ndaga fijo."

GWAMAKA: Mwambie asinishukuru, ni wajibu wa—

TUSAJIGWE: Siyo wewe.

GWAMAKA: Mbuzi tena! Huyo mbuzi mwaka huu atapata kipaimara.

TUSAJIGWE: Baba Anyitike.

GWAMAKA: Eeh?

TUSAJIGWE: Mbuzi yuko kwa Andongwisye tangu asubuhi.

GWAMAKA: Kwa hiyo alikuwa anakushukuru we— Haloo? Mama Anyitike? Haloo?

(Salio la Wenceslaus limekwisha.)