Doa Jeupe Kwenye Ulimi wa Hollis

Nje ya duka la chakula cha mifugo kuna benchi lililotulea sisi wanne kuliko kanisa. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mabanda tunamokausha tumbaku kwa moto wa kuni yanafuka moshi magharibi nzima ya Kentucky, na hakuna koti lisilonuka moshi huo. Tulikuwapo kama kawaida: Orville, tunayemwita Jaji kwa kuwa hutoa hukumu kabla ya kesi, Thurman, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, Hollis, na mimi. Sote tunatafuna tumbaku tuliyoilima na kuisokota wenyewe. Asubuhi hiyo Hollis alishika kahawa yake bila kuinywa. Alikuwa ameona doa jeupe ubavuni mwa ulimi wake, na halikutoka kwa mswaki wala kwa kucha.

— Toa tuone, akasema Jaji.

Hollis akautoa ulimi. Doa lilikuwa kama chokaa iliyopakwa haraka, na pembeni lilikuwa na wekundu kidogo.

— Umeungua, Jaji akakata shauri. Kahawa ya hapa inaweza kunyonyoa nguruwe.

— Ningeungua ningesikia, bwana. Haliumi. Hilo ndilo linalonitisha, haliumi hata kidogo.

— Dawa ya meno hiyo, Redio akadakia. Ile ya kung'arisha. Ikishamaliza meno inahamia kwenye ulimi.

— Mimi nasugua kwa magadi, Redio.

— Basi ni radi.

— Radi!

— Si ilipiga banda lako Julai? Umeme umebaki kwenye mbao. Unawasha moto, moshi unapanda na umeme, jani linaunywa, na wewe unautafuna. Kitu gani kigumu hapo?

— Wewe ungesoma kidogo tu zaidi, ungetuua wote, Jaji akasema.

Hollis hakucheka.

— Baba mkwe wangu alianza hivi hivi, akasema taratibu. Mwishowe wakamkata taya. Mke wangu Lorene ndiye aliyemuuguza, hawezi kuuguza wa pili. Sijamwambia.

— Mkwe wako alikuwa anatafuna ya kiwandani! Jaji akapaza sauti. Wanatia sukari, wanatia madudu. Hii yetu tunaijua tangu mbegu. Itatudhuruje? Hebu tutoeni ndimi wote.

Tukazitoa, wazee wanne tumeikabili barabara. Jaji alikuwa na doa. Redio alikuwa nalo, ila lake lilikuwa upande wa kulia, anakotafunia. Kisha wakaniambia hata mimi ninalo.

— Mnaona? Wote tunalo! Ni uzee, kama mvi. Kunywa kahawa yako, Hollis.

Hollis akashusha pumzi, akanywa. Nilitaka sana kuamini pamoja naye, lakini ulimi wangu ulikuwa umeanza kujipapasa wenyewe kwenye meno, ukilitafuta doa.

Mlangoni alisimama Verlene, mke wa mchungaji wetu mpya, akingoja kupakiziwa chakula cha kuku. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, wazee wangu. Na mtu asiyetafuna, ulimi wake ukoje?

Redio akaitazama barabara kana kwamba jibu litapita. Hakuna aliyejua. Tangu tuote ndevu hatukuwa tumekaa na mtu wa namna hiyo.

Hollis akavua kofia.

— Mama mchungaji, uniwie radhi. Ningeomba kuuona wako.

Verlene akaona haya, akatazama huku na huku, kisha akautoa. Hollis akainama karibu, nasi nyuma yake. Ulikuwa wa waridi pande zote mbili, kushoto na kulia, hadi nyuma kabisa.

— Ahsante, mama.

Hollis akatema tumbaku yake kwenye kopo.

— Redio, gari lako lina mafuta?

— Yapo. Twende wapi?

— Kliniki. Wote.

Nilidhani Jaji atabisha. Kumbe alikuwa ameshika mlango wa gari tayari.