Pampu Iliyonitoa Machozi Nikisomea Masters

Bwana wetu ni mwema, ndugu zangu! Mpaka leo nasikia ile pampu: ngrr, ngrr, kisha kimya.

Mimi ni Mwende, mnanijua hapa Tawa. Nilianzia ufundi wa stima kwa polytechnic ya kijiji, na sasa Mungu amenifikisha masters ya uhandisi wa umeme. Msipige makofi bado! Utafiti wangu ni pampu ya sola pale kisimani kwetu, na kisanduku nilichotengeneza mwenyewe cha kuiongoza. Kisanduku kinanitumia vipimo kwa simu nikiwa Nairobi. Na vipimo vilikuwa vinasema hivi: jua linawaka, umeme hakuna. Jua la Tawa, ndugu zangu! Linalokausha mpaka mate!

Nikija nyumbani, pampu inatoa maji vizuri. Nikirudi Nairobi, inagoma. Kisanduku nimekifungua mpaka skrubu zikalegea. Nimeomba, nimekemea pepo wa waya! Msimamizi wangu chuoni akachoka. "Mwende, vipimo visipokaa sawa mwezi huu, hii kazi iache." Masomo yangu yote, jamani!

Nikapanda gari kuja kung'oa kila kitu. Nilikuwa nimekasirika hata sikumpigia mama simu. Nafika kisimani, pampu inasema ngrr, ngrr, kisha kimya. Naona nini? Ndengu! Sola yote imefunikwa ndengu, na mama amekaa kivulini na wanawake wa kikundi cha mwethya waliokuja kumsaidia kuvuna.

"Mama! Ni nini hii?"

"Si ungesema unakuja, tukupangusie meza yako?"

"Meza?"

"Hiyo ya kioo. Ndengu zinakauka haraka, na kuku hawafiki."

"Ukimaliza kusoma utuletee ingine," akadakia Mama Kioko, jirani yetu. "Zangu zimekosa nafasi."

Kumbe kila nikija waliipangusa, kwa sababu mgeni anakuja! Nililia kwa hasira, ndugu zangu, na katikati ya kilio nikashikwa na kicheko. Tukazitoa. Maji yakapanda! Tangu hapo vipimo vimekaa sawa, na msimamizi amesema niendelee.

Namshukuru Yesu aliyenifikisha pale kabla sijaacha. Wewe uliyechoka, unayeona Mungu amekunyamazia, using'oe bado. Mwamini tu.

Siku ile akina mama walipoenda kunywa chai, nilibaki peke yangu. Nikafungua leso yangu, nikaitandaza juani, nikamwaga ndengu za mama, nikazizungushia matawi ya miiba kuku wasifike.