Fundi Aliyekataa Sare za Rangi Mbili

Shangazi yetu, fundi cherehani mliyemwita Mama Sindano, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtaa wa chini ya reli, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Baba yake alipofariki, aliacha shule akajifunza kushona kwa mama yake mdogo.

Mwaka 1974 aliolewa na fundi wa mabehewa kutoka mtaa wa juu ya reli, wakati mitaa hiyo miwili haikuelewana. Ndugu wengi wa pande zote mbili walisusa harusi. Marehemu alipenda kusema, "Waliokuja walitosha. Chakula hakikubaki."

Mwaka 1983 alianzisha kikundi cha kuimba katika chumba chake cha kushonea. Wa juu na wa chini walibanana benchi moja.

Agosti 2006 alifika ofisa wa kampuni ya saruji iliyofadhili shindano la kuimba, akileta vipaza sauti vipya na vitambaa vya sare: bluu kwa wa juu, njano kwa wa chini.

"Ni kwa ajili ya shindano tu, mama. Watazamaji wawatofautishe."

Marehemu alikigeuzageuza kitambaa. "Mwanangu, miaka ishirini na mitatu hakuna aliyetaka kututofautisha. Leo anataka nani?"

Kisha akaisoma fomu ya kujiandikisha aliyopewa: jina, nyumba, upande. Hakusaini. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilimwambia, "Shangazi, wewe kila ung'ongo kwako ni nyoka." Waimbaji kumi na wanne tulimhama, tukasaini.

Januari iliyofuata ghasia zilizuka kati ya juu na chini. Milango iliyogongwa kwanza ilikuwa yetu tuliosaini, juu na chini. Kampuni ilisema fomu zilipotea. Zilipoteaje, na ziliokotwa na nani, hatujaambiwa mpaka leo. Tisa kati yetu tulikimbilia kwake. Alitufungulia kabla hatujabisha mara ya pili, akatuficha siku kumi na moja nyuma ya marobota ya vitambaa. Hakutukumbusha lolote. Aliuliza tu, "Nani hajala?"

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2019. Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili, wajukuu saba na kikundi chake.

Shangazi, sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo, mbele ya watu wote hawa. Mungu akulaze pema.