Dada Yetu na Kosa Lililoendesha Pampu

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mkunga. Baada ya shule aliingia chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1984, mwanamke pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja.

Mwaka 1985 aliajiriwa kwenye kituo cha pampu za maji. Mwaka 1988 aliolewa na fundi cherehani aliyemletea mashine ya kutarizi iliyogoma. Ilipona siku ileile, lakini shemeji aliendelea kuirudisha kwa miezi minne. "Waya nilikuwa nakata mwenyewe," alikiri siku ya harusi, watu wakavunjika mbavu.

Mwaka 2009 prosesa, yaani ubongo wa kompyuta inayoendesha pampu, ilianza kufa, na hakuna kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza tena. Marehemu alichukua chipu tupu, ile inayopangwa ifanye kazi ya chipu nyingine, akaijenga upya prosesa ile kwa miaka mitatu, kwenye meza ya chakula. Ile ya zamani ilikosea hesabu fulani ya kutoa; waliotunga programu walilijua kosa hilo wakalifidia. Kwa hiyo naye akaliiga, vilevile lilivyo.

Meneja alicheka. "Mama, unatengeneza kosa makusudi? Lisahihishe."

"Nikilisahihisha, pampu zitasimama."

Meneja akampa mtu mwingine kazi hiyo, naye akalisahihisha. Tarehe 6 Juni 2012 pampu zilisimama, mji ukakaa siku tano bila maji, na aliyefukuzwa kwa uzembe ni dada yetu. Kisha wakaiweka kimyakimya chipu yake yenye kosa. Ndiyo iliyosukuma maji mliyooga leo asubuhi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Hakudai fidia; alitaka barua moja tu ya kufuta neno uzembe. Kila tuliporudi kutoka posta aliuliza, "Imekuja?" Tulichoka kumjibu, tukawa tunamdanganya kwamba posta imefungwa. Hilo linatuuma mpaka sasa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake anayesoma haya.

Alhamisi barua ya ofisi ya pampu ilifika. Wanamwomba aende haraka na chipu ya akiba, maana iliyopo imeanza kusumbua. Hakuna pole, hakuna samahani. Shemeji aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Chipu ipo kabatini," alisema. "Waandike kwanza ile barua nyingine."

Pumzika kwa amani, dada. Hukuzembea.