Nafasi Tatu za Lisbon

Mwezi wa tatu Minnesota theluji bado imekaa tu, haina habari ya kuondoka, kwa hiyo wazee wa mji wa Brandsvold wanafanyia mazoezi ndani ya jengo la maduka. Milango inafunguliwa saa moja asubuhi, maduka yenyewe saa nne, na hapo katikati jengo ni lao. Wanazunguka ghorofa ya chini, mzunguko baada ya mzunguko, mikono inapepea, halafu wanatua kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha kahawa. Hicho ndicho kijiwe, na wenye kijiwe ni wanne. Yupo Verna Kjelstad, anayeitwa Mama Hatua kwa sababu ya saa yake ya kuhesabu hatua, ambayo anaitazama kuliko alivyowahi kumtazama marehemu mumewe. Yupo Norbert Wuertz, wanamwita Balozi, kwa kuwa alipokuwa jeshini alikaa Ujerumani miezi kumi na minane akimenya viazi. Yupo Ardis Hokanson, yeye ni Daktari. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na hakuna ugonjwa asioujua. Na yupo Harlan Skoglund, fundi vigae mstaafu, miaka sabini na nane, ambaye hana jina la kijiweni kwa sababu haongei vya kutosha kupewa jina.

Baridi yote ile walikuwa na mpango mmoja: Lisbon, kule Ureno, siku tisa mwezi wa tano, pamoja na kundi la ofisi ya wazee. Ramani ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa pale benchini hadi mto wa Lisbon ukatoboka. Asubuhi hiyo Verna alifika na uso wa kupeleka tanzia.

— Ofisi ya wazee wamenipigia simu, — alisema, hata hajakaa. — Tuliomba nafasi nne. Zimepatikana tatu. Hoteli imekosa chumba kimoja. Wanataka majina kabla ya saa nne.

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika ishirini na tano.

— Ah, hilo si tatizo, — alisema Norbert.

— Si tatizo hata kidogo, — alisema Ardis, na akakata keki yake vipande, kama kawaida yake mambo yanapokuwa tatizo.

Verna akamgeukia Harlan.

— Harlan, wewe ndiye mkubwa wetu. Nenda wewe, baba.

— Aa, hapana, — alisema Harlan. — Nendeni nyie.

— Kweli kabisa, Harlan, nenda, — alisema Ardis.

— Hapana, mimi sina shida. Nendeni tu.

Sasa usidhani Harlan alikuwa hataki. Watu waliolelewa vizuri Brandsvold hawapokei kitu kwa kukaribishwa mara moja, utadhani wana njaa. Unakataa. Ukikaribishwa mara ya pili unakataa huku unatabasamu. Mara ya tatu ndipo unapokea, tena kwa kulalamika kwamba wanakusumbua bure. Harlan alikuwa ameshamaliza kukataa zile mara mbili kwa heshima zote, na jibu la tatu lilikuwa limekaa tayari mdomoni: basi, kama mnanilazimisha. Alisogea mbele kidogo kwenye benchi, akasubiri.

Ile ya tatu haikuja. Ardis alikuwa ameshashika nyonga yake.

— Atakayebaki ni mimi, — alisema. — Nimesoma habari za Lisbon. Njia zote ni mawe madogo madogo, yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yanateleza. Nyonga yangu hii si ya mawe.

— Ardis, umetoka kuzunguka mara nane sasa hivi, — alisema Verna.

— Hapa ni tambarare. Nyonga inajua. Ikikanyaga jiwe moja la kigeni, inatoka mahali pake na hairudi mpaka isikie harufu ya nyumbani. Nimeyaona hospitali.

— Hospitali ulikuwa unafua mashuka.

— Mashuka yanasema mengi, mwenzangu.

Norbert akaweka kikombe chake chini. Akikiweka chini kikombe, ujue Ulaya inakuja.

— Acheni, wanawake. Wa kubaki ni mimi. Mimi Ulaya nimeshaiona.

— Umeona viazi, — alisema Ardis.

— Viazi vya Ulaya. Tena niwaambie jambo hamlijui. Kule ghorofa ya chini, ambayo sisi tunaiita ya kwanza, hawaihesabu. Wanaanza na sifuri. Wakikwambia chumba kiko ghorofa ya tatu, wewe unapanda hadi ya nne ya kwetu. Sajini wetu alipanda ghorofa moja ya ziada kila siku kwa mwaka mzima na nusu. Aliporudi nyumbani, mguu mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake.

— Mguu upi? — aliuliza Verna.

— Ule unaotangulia.

Kila mtu akaanza kuwaza ni mguu gani huwa anautanguliza. Harlan alitaka kusema kwamba hoteli ina lifti, iko kwenye kijitabu, ukurasa wa sita. Alikuwa anakijua kijitabu chote kwa moyo. Lakini kulisema hilo kungekuwa sawa na kumsukuma Norbert aende, na Norbert akienda nafasi zinabaki mbili. Roho ikamsuta kwa kuwaza hivyo. Akanywa kahawa.

Ukweli wenyewe ni huu. Kwenye pochi ya Harlan, nyuma ya leseni ya gari, kulikuwa na karatasi aliyoichana kwenye jarida kwa daktari wa meno. Picha ya nyumba ya Lisbon, ghorofa nne, ukuta wote wa nje ni vigae, buluu na nyeupe, toka barabarani hadi paani. Umri wake miaka mia mbili. Harlan alibandika vigae kwenye mabafu ya Brandsvold miaka arobaini na mmoja, vyeupe juu ya vyeupe, na kila aliyemwomba amwekee nje alimjibu lile lile: baridi itavipasua kabla ya Krismasi. Halafu kumbe duniani kuna mji mzima umevaa vigae nje nje. Alitaka kuuwekea ule ukuta kiganja chake. Alitaka kuona yule fundi wa zamani aliikata vipi kona. Hakuwahi kutaka kitu hivyo tangu akiwa kijana, na ilimtia aibu.

— Sasa Harlan... — alisema Verna.

Harlan akainuka kidogo, mdomo wazi.

— ...hebu vuta miguu, huyu mama wa watu apite.

Akavuta miguu. Aliyepita hakuwa mpitaji hasa. Alikuwa Connie Iacobucci, mgeni, amehamia kwa binti yake kutoka New Jersey, siku yake ya tatu kutembea pale. Alikuja kununua kahawa, akasimama karibu na benchi anaipuliza.

— Wote mmekosea, — Verna akaendelea. — Mimi ndiye wa kubaki, na sababu yangu ni ya kisayansi. Ukienda kule unapoteza masaa sita.

— Unarudishiwa ukirudi, — alisema Norbert.

— Unarudishiwa masaa, ndiyo. Lakini si yale yale! Wewe umetoa masaa mazuri, ya usiku, umelala. Wanakurudishia masaa ya uwanja wa ndege, umekaa kwenye kiti cha chuma na mfuko mapajani. Kwa umri wetu huu, siwezi kubadilishana masaa na watu nisiowajua. Halafu saa yangu hii! Siku mia nne na kumi na mbili sijakosa hatua elfu kumi. Siku ya kusafiri ina masaa kumi na manane tu. Nitembee saa ngapi?

— Ndani ya ndege, — alisema Ardis.

— Nitatembea ndani ya ndege, na ndege nayo inatembea. Hizo ni hatua zangu au zake?



— Mimi hilo la masaa naliacha, — alisema Ardis, — lakini kuna la maji. Kule maji hawaweki barafu. Damu ya mtu wa Minnesota imezoea barafu. Ukiikosesha barafu siku tisa, inakuwa nzito. Binamu wa jirani yangu alirudi toka Italia, wakataka kumpima damu, nesi akatumia sindano tatu. Ilitoka kama sosi ya nyama.

— Acha kamba, Ardis.

— Muulize nesi.

— Hayo madogo, — alisema Norbert, na sauti ikashuka, sauti ya mtu anayetoa siri za jeshi. — Lisbon ina vilima saba, na mji wote umeinama kuelekea mtoni. Ukikaa humo siku tisa mwili unajifunza kuinama. Ukirudi huku kwetu tambarare, unataka kwenda dukani moja kwa moja, unajikuta unazunguka. Unazunguka tu, unarudi ulikotoka.

Verna akatazama ukumbi mrefu wa jengo, ambako wazee wengine walikuwa wanapita kwa mara ya tisa.

— Sisi si tunazunguka tayari?

— Ndiyo maana nasema nibaki. Kwangu hasara imeshatokea.

Saa ilikuwa nne kasoro dakika kumi. Kila mtu alikuwa ameshatoa sababu yake ya kubaki isipokuwa Harlan, na sasa macho yote matatu ya urafiki, yaani jozi zote tatu, yakamgeukia. Haikuwa heshima yeye kukaa bila ugonjwa wala nadharia, kama mtu anayengojea kuachiwa nafasi. Akakohoa.

— Hata mimi, — alisema. — Lisbon ni vigae tu. Vigae nimeviona miaka arobaini na mmoja. Ukishaona kimoja umeviona vyote.

Ulikuwa uongo mkubwa kuliko mguu wa sajini na damu ya binamu kwa pamoja. Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Verna akatoa simu yake mkobani.

— Haya basi. Kwa hiyo tumeelewana, tunabaki wote. Niwaambie wazigawe zote tatu.

— Waambie, — alisema Norbert.

— Ndiyo vizuri, — alisema Ardis. — Kuna watu wanazihitaji zaidi.

Hapo ndipo yule mgeni wa New Jersey, aliyekuwa amepuliza kahawa hadi ikapoa, akashindwa kuvumilia.

— Samahani, jamani. Mimi mgeni hapa, nauliza tu. Kati yenu, nani anataka kwenda?



Verna akatazama saa yake ya hatua, ambayo haikuwa na la kusema maana alikuwa amekaa. Ardis akaanza kukusanya makombo ya keki, moja moja. Norbert, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa hajakosa jibu la swali lolote, yakiwemo maswali ambayo hakuulizwa, alifungua mdomo akaufunga. Swali lilikuwa limekaa katikati yao, la wazi namna ile, na hakuna aliyefundishwa pa kulishikia.

— Si swali gumu, — alisema Connie.

Lilikuwa gumu.  Harlan alimfikiria mama yake, alivyokuwa anamfinya chini ya meza ya watu akinyoosha mkono mapema. Akaufikiria ule ukuta.

— Mimi, — alisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Muuza kahawa akageuka.

— Mimi nataka kwenda. Nataka sana. Nataka kwenda kuviona vile vigae.

Masikio yakamwaka moto. Ardis akaweka mkono kifuani.

— Harlan! Si umesema ukiona kimoja umeviona vyote?

— Nimedanganya.

— Tulikukaribisha, baba, ukakataa!

— Mlinikaribisha mara mbili tu.

Wakainamisha vichwa wote watatu, maana hesabu ilikuwa sahihi na kosa lilikuwa lao. Verna akapiga simu.

— Halo? Ndiyo, ni Verna. Andika Skoglund, Harlan... Hapana, huyo tu kwanza... Hizo mbili?

Akaishusha simu kifuani. Akamtazama Ardis, Ardis akatazama makombo. Akamtazama Norbert, Norbert akatazama theluji nje ya mlango wa kioo. Connie naye aliwatazama wote, mmoja mmoja, akingoja. Verna mwenyewe akaifuta saa yake ya hatua kwa kidole gumba, akairudisha simu sikioni.

— Wapeni wengine tu. Sisi hatuna neno.

Alisikiliza, akasema asante mara tatu, akakata. Kulikuwa na mume na mke wanangojea kwenye foleni, alisema. Zimechukuliwa hapo hapo. Connie akatikisa kichwa, akatupa kikombe, akaenda zake kuzunguka. Maduka yakaanza kufungua milango, na Verna na Ardis wakainuka kwenda kuongeza mzunguko mmoja, taratibu, bila kupepea mikono.

Harlan alibaki benchini na Norbert. Furaha ilikuwa imemjaa hadi akaona haya kuionyesha. Mwezi wa tano angesimama mbele ya ule ukuta. Alitaka kusema kitu kizuri kwa rafiki yake, lakini Norbert ndiye aliyeanza.

— Nilishanunua viatu, — alisema Norbert.

— Viatu gani?

— Vya vilima. Tangu mwezi wa kwanza navivaa nyumbani, napanda na kushuka ngazi za stoo ya chini ya nyumba ili vilainike. — Akakizungusha kikombe kitupu mikononi. — Vimeshalainika.

Harlan akageuka, akamtazama vizuri.

— Sasa Norbert, mbona hukusema?

— Uliniuliza?